Maji ya Sabuni Kwenye Nyanya

Mama mkwe hakuwa mtu wa kufundishwa nyanya. Bustani ya nyuma ya jiko ilikuwa yake, na kila asubuhi kabla ya chai alipita mche kwa mche akivunja vichipukizi vinavyoota kwapani mwa matawi kwa kucha zake, maana kisu, alisema, hakina macho.

Msimu huu majani yakaingia mabaka ya njano, yakajikunja, yakawa membamba kama kamba. Nyanya zikatoka ndogo, ngumu, zenye madoa. Hakuhangaika kutafuta mkosaji. Mke wa mwanawe alikuwa na tabia ya kumwaga maji ya vyombo karibu na matuta.

"Umeniulia nyanya kwa sabuni yako," alimwambia, na majirani wawili wamesimama pale na vikapu vyao. "Kwenu mlikuwa mnalima nini, vijiko?"

Majirani wakacheka. Yule binti akainamisha kichwa. "Sawa, Mama. Sitakanyaga tena."

Na kweli hakukanyaga. Alibaki na miche yake michache ya nyanya kwenye ndoo mbovu pale mlangoni, ambayo mama mkwe hakuwahi kuigusa hata kwa kidole, kwa dharau tu.

Kwa kutaka ushahidi, mama mkwe akachuma jani akalipeleka kwa muuza mbegu. Muuza mbegu akaligeuzageuza.

"Sabuni haifanyi hivi, bibi. Huu ugonjwa hukaa kwenye tumbaku. Mtu akishika tumbaku kisha akashika mche, basi, mkono unausambaza bustani nzima. Nyumbani nani anatumia?"

"Hakuna," akajibu upesi.

Kikopo cha ugoro kilikuwa pindoni mwa nguo yake. Kifua kilipomsumbua, mwanawe alimwapisha aache, naye akaapa. Tangu hapo alinusia nyuma ya matuta, asubuhi, kabla ya kuvunja vichipukizi. Aliporudi nyumbani akaiona ile miche ya mlangoni, minene, haina hata doa, uso ukamwaka.

Akafikiria kunyamaza. Angelaumu mbegu, yakaisha. Lakini jioni alimwona binti akibeba beseni la maji ya kufulia, akizunguka nyumba nzima hadi barabarani, ili tu asipite bustanini. Beseni lilimlemea, maji yakimlowanisha miguu.

"Liweke chini hilo," bibi akasema. Akafungua pindo. "Nyanya nimeziua mimi. Kwa hiki."

Binti akakitazama kikopo. "Najua unanusa, Mama. Mtu hapigi chafya zote zile kwa ajili ya umande."

"Na hukumwambia mumeo?"

"Nimwambie nini? Kwamba nakupeleleza?"

Bibi akakosa pa kuweka macho. Afadhali angetukanwa. "Wale wenye vikapu wakija, nitawaambia."

"Si lazima, Mama."

"Walikucheka ukiwepo. Na hili walisikie ukiwepo."

Wakang'oa miche yote iliyougua, wakaichoma. Kisha binti akamwita kwenye ndoo zake, vichipukizi vimezidi. Bibi akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaliendea lile beseni, akanawa kwa maji yale yale ya sabuni mpaka kwenye viwiko, akarudi na mikono yote miwili mbele, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula.

Binti akaishika, akaigeuza.

"Kucha, Mama."

Bibi akarudi kwenye beseni.