Balbu Aliyoichomoa Fundi Kompyuta

Watu walimwita Kompyuta, na jina hilo hakupewa bure. Katika mtaa wao wa magereji yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua mashine ya kupimia magari, kidude cha ukubwa wa tofali chenye kioo na kebo ndefu. Unakichomeka chini ya usukani, unasubiri kidogo, kinakuandikia ugonjwa. Kabla ya hapo mafundi wote walipima kwa sikio, kwa pua na kwa kubahatisha. Kompyuta akawa mtu mbele za watu. Wateja walitoka mitaa ya mbali, wakasimama nyuma yake mikono mifukoni wakichungulia kioo, naye akawasomea kama daktari anayesoma picha ya kifua.

Sifa nazo zina kilevi chake. Kazi alikuwa amefundishwa na mzee mmoja mwenye gereji ya jirani, mtu mfupi, mwenye kikohozi na maneno makali, aliyeitwa Plagi kwa sababu kila gari lililomfikia alianza kwa kufungua plagi na kuinusa. Miaka tisa Kompyuta alishika spana chini ya mzee huyo. Alipojitegemea na kununua mashine, akaanza kumtania mbele ya wateja. "Yule bado ananusa," alikuwa akisema, na watu wanacheka. Mzee Plagi alisikia, maana kati yao palikuwa na ukuta wa mabati tu, na mabati hayasitiri neno. Hakujibu. Aliacha tu kuitikia salamu zake.

Asubuhi moja liliingia gari ambalo mtaa mzima ulilijua. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, wekundu wake umepauka, lenye taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura. Nusu ya mafundi waliolikodolea macho walikuwa wadogo kuliko gari lenyewe kwa umri. Aliyeshuka, akijisukuma kwa viwiko kwa sababu viti vilikuwa chini sana, ni mama wa miaka sitini na kitu, mkunga mstaafu. Gari hilo alilinunua kwa daktari aliyekuwa akihama, na watu walipomcheka kwamba mama mzima anaendesha gari la vijana, aliwajibu kuwa maisha yake yote amewahudumia wenye haraka, sasa ni zamu yake kuwa na haraka.

Miongoni mwa watoto aliowapokea alikuwamo binti wa kwanza wa Kompyuta, aliyekuja duniani ametanguliza miguu.

"Shikamoo, mama," Kompyuta alisema huku akifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Siku hizi ananipita urefu."

"Alianza kwa miguu yule, lazima awe mrefu." Mkunga alicheka, kisha akaonyesha ndani ya gari. "Nina taa mbili zinanikosesha raha. Moja nyekundu, moja ya manjano. Hii ya manjano inawaka na kuzima inavyotaka. Na jana injini imekatika njiani, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, halafu ikaendelea."

Ile nyekundu Kompyuta aliimaliza vizuri. Ilikuwa ya breki, mafuta yake yalipungua kwa sababu pedi zilikwisha, naye alifunga pedi mpya, akaongeza mafuta, taa ikazima yenyewe kwa haki. Hapo kichwa kikamvimba. Akaleta mashine, akainama chini ya usukani kutafuta pa kuichomeka.

Hapakuwa na mahali. Gari lilikuwa la zamani kuliko mashine. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akafungua boneti, akakuta pembeni kiboksi cheusi chenye kifuniko na vitundu vidogo vidogo. Alikijua kiboksi hicho. Miaka ile, Mzee Plagi alikuwa akichukua kipande cha waya, akaunganisha vitundu viwili, akakaa kwenye kiti cha dereva na kuihesabu taa ya manjano kwa vidole inavyokonyeza. Kila hesabu ilikuwa na maana yake. Lakini ni vitundu vipi, na hesabu gani ina maana gani, Kompyuta hakuwahi kujishughulisha. Aliona ni mambo ya kizee.

Nyuma yake walikuwa wamekusanyika watu watano. Mmoja, mchomeleaji wa mlango wa pili, akamwita: "Vipi, Kompyuta? Mgonjwa hataki kusema leo?"

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Lakini masikio yalimwaka moto. Wa kumuuliza alikuwepo, upande wa pili wa mabati, na kikohozi chake kilisikika. Ilihitaji hatua ishirini tu na neno moja la adabu. Kompyuta hakuzipiga.

"Sensa ya moshi hiyo," alisema kwa sauti ya mtu anayejua. "Acha gari, mama. Jioni njoo ulichukue."

Akafunga sensa mpya, taa ikabaki pale pale. Akaondoa waya wa betri, akasubiri, akaurudisha. Taa ikazima. Akazunguka na gari mtaani kwa furaha, na kabla hajafika langoni ikawaka tena, manjano, imemtulia machoni. Jua lilikuwa limeanza kuinama na mkunga alikuwa njiani. Kompyuta alishika bisibisi, akafungua dashibodi, akachomoa balbu ya taa ile, akaziba tundu kwa tepu nyeusi, akarudisha kila kitu mahali pake. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

"Imezima kabisa?" mkunga aliuliza alipofika.

"Kabisa, mama."

"Mungu akuzidishie, mwanangu." Akaondoka, akapiga honi mara mbili ya kuaga. Kompyuta alipunga mkono, kisha akajitia kazini na kujiambia kwamba taa za magari makuukuu huwaka ovyo, na kwamba akipata nafasi atalichungulia tena.

Nafasi hiyo hakuitafuta. Siku ya tisa mchomeleaji aliingia akihema. "Umesikia? Mama mkunga amepata ajali!"

Injini ilikuwa imekatika katikati ya njia panda, lori likiwa nyuma yake na honi mdomoni. Injini ikikatika, usukani wa gari lile huwa mzito kama jiwe, na breki hukakamaa. Mkunga alivuta kwa nguvu zake zote, gari likapanda ukingo wa barabara na kugota kwenye nguzo ya taa. Yeye alitoka mzima, ila mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo.

Gari lilivutwa mpaka mtaani, likapita mbele ya gereji ya Kompyuta pua imebonyea, likaingia kwa Mzee Plagi. Aliyelivuta alikuwa shemeji wa mzee, basi.

Kompyuta alisimama kwenye ukuta wa mabati, pale penye tundu la msumari, akaweka jicho. Alimwona mzee akiingia ndani ya gari na kufungua swichi kwa ufunguo bila kuwasha injini. Kila fundi anajua kwamba hapo taa zote za dashibodi huwaka kwanza, kuonyesha kuwa zipo hai. Mzee aliinamisha kichwa kuzitazama. Akafunga, akafungua tena. Kisha akaomba bisibisi.

Alipotoka alikuwa ameshika kishikio cha balbu, kitupu, na kipande cha tepu nyeusi kinaning'inia. Ncha ya tepu ilikuwa imekunjwa kidogo ili atakayekuja kuibandua asihangaike nayo kwa kucha. Mtaani pale ni watu wawili tu waliokunja tepu hivyo, mwalimu na mwanafunzi wake. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akageuka akautazama ukuta wa mabati, na Kompyuta akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji.

Siku mbili baadaye mkunga alikuja kwa Mzee Plagi, mkono ndani ya plasta. Kompyuta alikuwa chini ya gari la mtu, na kila neno lilimfikia.

"Mzee wangu, hebu niambie. Ile taa mbona safari hii haikunionya?"

Kikohozi. Kisha sauti ya mzee: "Balbu iliungua, mama. Gari kuukuu. Hutokea."

Mzee Plagi, ambaye katika miaka tisa Kompyuta hakuwahi kumsikia akimdanganya mteja hata kwa kumfariji! Kompyuta alibaki amelala chali, spana juu ya kifua. Angetukanwa angepata pa kujishikia, angejibu, wangegombana, mambo yangekwisha. Sasa amesitiriwa na mtu ambaye yeye alimfanyia mzaha miaka yote, na sitara ile ilimwasha mwilini kuliko upupu.

Nyumbani chakula hakikupita. Mkewe alimwangalia jana yake akanyamaza, leo akashindwa. "Baba watoto, umefanya nini?"

Hakuuliza una nini. Aliuliza umefanya nini. Kompyuta akasema yote, macho kwenye sakafu. Alipomaliza, mkewe akauliza swali moja tu: "Mkono upi umevunjika?"

"Wa kulia."

"Ndio uliomtoa mwanangu tumboni," mkewe alisema, akainuka akaanza kukusanya vyombo. Kutoka jikoni akaongeza: "Mimi sitakusindikiza. Nenda mwenyewe."

Alikwenda kesho yake mchana. Mkunga alikuwa sebuleni kwake, chumba kidogo chenye makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na ukuta uliojaa picha za watoto wa watu. Alikuwa akipambana na kifungo cha sweta kwa mkono wa kushoto. Kompyuta alitamani kumsaidia, lakini aliona mikono yake haina haki hiyo.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Nitasimama, mama. Ile balbu haikuungua. Niliichomoa mimi."

Mkunga aliacha kifungo.

"Nilishindwa kuusoma ugonjwa wa gari," Kompyuta aliendelea, maneno yakimtoka kama mtu anayetapika. "Mashine yangu haiingii kwenye gari lako. Nikabahatisha, nikakosea, taa ikakataa kuzima, nikaichomoa. Nikakwambia imepona."

"Ulijua haijapona?"

"Nilijua."

"Sasa uliogopa nini?"

"Watu walikuwa wamesimama pale. Wangenicheka."

Mkunga aliangalia dirishani. "Nyinyi mkisema mficha uchi hazai, kwenu ni methali. Kwangu ilikuwa kazi ya kila siku. Hata sisi wakunga tulikuwa tunavuliwa nguo, usidhani ni wazazi tu. Siku mkeo alipoletwa, niliweka mkono nikakuta miguu, nikajua peke yangu siwezi. Nilitoka ukumbini nikapiga kelele, njooni jamani, hapa nimeshindwa. Aliyekuja kunisaidia ni nesi mdogo niliyemfundisha mwenyewe, na wodi nzima ilisikia. Kama ningeona haya siku ile..." Kompyuta akashika mgongo wa kochi.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe," mkunga alisema, bila hasira wala tabasamu. "Lakini si leo. Leo mkono unaniuma."

"Basi gari nitalitengeneza mimi, mpaka—"

"Gari liache kwa mzee."

Kompyuta aliaga, na kutoka pale akapitiliza hadi gereji ya Mzee Plagi. Miaka mingi hakuwa amekanyaga sakafu ile. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi, anakohoa.

"Nimekwenda kumwambia mama ukweli," Kompyuta alisema.

"Nani amekutuma?" Mzee alifoka. "Umenifanya mimi mwongo mbele ya yule mama!"

Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. "Mzee, nilitaka kukushukuru kwa kunisitiri."

"Nani amekusitiri wewe? Nilisitiri jina langu. Watu hawaulizi nani ameharibu gari. Wanauliza huyu alifundishwa na nani." Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akavuta kipande cha waya mfukoni na kumtupia. "Kaa kwenye kiti. Balbu nimeshairudisha. Hiki na hiki," alisema akigusa vitundu viwili vya kiboksi, na Kompyuta akaunganisha, akaenda kukaa kwenye kiti cha dereva.

Taa ya manjano ikakonyeza mara moja. Ikatulia. Ikakonyeza mara nne.

"Ngapi?"

"Moja, halafu nne."

"Maana yake?"

Mchomeleaji na wenzake wawili walikuwa wamesimama langoni. "Sijui," Kompyuta alisema.

"Sikusikii."

"Sijui, mzee!"

Hakuna aliyecheka, na hilo nalo lilikuwa zito. Mzee akamweleza: gari linalalamika kuwa halipati jibu kutoka upande wa koili, penye cheche. Wakafuata nyaya kwa vidole mpaka nyuma ya injini. Waya mmoja ulikuwa umesuguana na chuma hadi shaba ikaonekana. Gari likipata moto na mtikisiko, waya unagusa chuma, injini inakata. Sehemu mbovu haikuzidi urefu wa kidole. Ni kazi ya robo saa, kwa mtu aliyeuliza.

Pua ya gari ilinyooshwa, na plasta ilipotolewa mkunga alirudi barabarani. Kompyuta aliendelea na mashine yake, ila siku hizi gari likimshinda anamwambia mwenye gari mbele za watu kwamba hilo halijui, na kumwelekeza kwa mzee. Wateja wengine wamemkimbia, wengine wamebaki. Msamaha alioahidiwa ulikuja miezi kadhaa baadaye, dukani, wakiwa kwenye foleni ya sabuni. "Yameisha, mwanangu," mkunga alimwambia, akamgusa bega kwa mkono ule wa kulia, ambao mpaka sasa haukunjiki sawasawa.

Yameisha kwa mama. Lakini hata leo, gari lile jekundu likipita mtaani na honi ikilia mara mbili, Kompyuta hujiinamia ndani ya boneti iliyo karibu naye, akashika kitu chochote, akakizungusha, mpaka mlio umepotea.