Utando Uliooshwa kwa Majivu

Ukitaka kumuudhi Ma Kokugonza wa mtaa wa Hamugembe, mwambie kitu ni kisafi na asikiguse. Mama huyu aliwahi kumwosha jogoo, eti kuna mgeni anakuja. Jogoo mwenyewe hakupona.

Basi binti yake Evodia alikuja likizo na beseni la maji, ndani yake kipande cha utando wa plastiki, chembamba kama ganda la kitunguu. "Mama, nimekipitisha kwenye asidi kali, kikaota viti vidogo visivyoonekana. Chembe za hidrojeni zinaruka kiti hadi kiti, umeme unapita. Jumamosi Dokta Mwijage wa chuoni anakuja kukipima. Kikifaulu, napata nafasi ya kuendelea na masomo. Kikishindwa, basi tena."

Kokugonza alisikia neno moja tu, asidi. Uchafu gani huo ndani ya nyumba yake? Jumamosi, Evodia alipokwenda stendi kumpokea mgeni, mama akautoa utando, akausugua taratibu kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama anavyosugua masufuria. Ukang'aa. Akajisifu mwenyewe.

Dokta alikaribishwa punje za kahawa ya kutafuna, kisha akauweka utando kwenye kipimo chake cha umeme. Mshale ukainuka kidogo, ukalala. Evodia akasawajika. Macho yake yakatua kwenye bakuli la majivu mlangoni, akaelewa.

"Nimekosea mimi, Dokta. Niliuosha kwa majivu."

Kokugonza moyo ulimuuma. Mtoto abebe mzigo wa mama yake? "Anadanganya, waitu, mgeni wangu. Tangu afike hajaosha hata sahani yake, ataosha plastiki? Nimeosha mimi."

Dokta alicheka hadi kahawa ikampalia. Akamgeukia Evodia. "Haya, niambie kwa nini umeme umegoma."

"Majivu yana potasiamu. Imekalia viti vya hidrojeni, na yenyewe ni nzito, haina mbio. Tukiuloweka tena kwenye asidi, itang'oka."

Wakauloweka katika asidi aliyokuja nayo Dokta. Wakala ndizi na samaki wakisubiri, wakausuuza, wakapima. Mshale ukapanda, ukatulia juu.

"Nafasi ni yako," Dokta akasema. "Wiki ijayo uwe Dar es Salaam."

Kokugonza akapiga vigelegele, halafu akavikatiza katikati. Wiki ijayo! Alitazama viatu vya bintiye vilivyotupwa sebuleni, na kikombe kilichosahauliwa dirishani. Safari hii hakuviokota.