Waya Aliouchomoa Mke Wangu

Kazini wananiita Trafiki, na jina hilo nimelipenda kuliko ninavyostahili. Ofisi yetu ina laini tatu za intaneti. Kila barua, picha na simu ya video hukatwa vipande vidogo vidogo, na mimi ndiye ninayepanga kipi kipite laini ipi, ili vikifika upande wa pili viungane tena. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo mke wangu huwaambia watu kwamba mumewe anashughulika na waya.

Iliniuma, nisiseme uongo. Yeye ni mkunga. Akirudi jioni anasema leo nimepokea watoto wanne. Mimi nikirudi niseme nini? Kwamba leo hakuna aliyelalamika?

Basi akaitwa kwenye usaili wa nafasi ya mkunga mkuu. Alikuwa ameiomba mara mbili akaikosa, na alishaapa kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Usaili ungefanyika kwa video, saa nne asubuhi, yeye akiwa sebuleni kwetu na wasaili watatu wakiwa makao makuu. Niliposikia neno video, kichwa kikanivimba hapo hapo.

"Mama Pacha, hili niachie mimi."

"Si intaneti ya hapa inatosha? Jana nimeongea na dada yako saa nzima."

"Ikikatika je?"

"Haijakatika tangu mwaka jana."

"Ndiyo maana itakatika siku hiyo."

Nikapanda juu ya paa mwenyewe, na kitambi changu hiki, nikafunga dishi la setilaiti nililoazima ofisini. Sasa tukawa na njia mbili, intaneti ya waya wa faiba ya siku zote na dishi. Nikaziunganisha kwenye kisanduku kimoja pembeni mwa meza, nikakiagiza kigawe sawa kwa sawa: kipande kimoja faiba, kinachofuata dishi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikapima kasi, namba ikapanda karibu mara mbili. Nikaipiga picha nikawatumia mashemeji wote, hata yule asiyenisalimia.

Siku ikafika. Mke wangu akakaa mezani, sare imenyooka, daftari mbele yake. Mimi nikasimama nyuma ya kamera, mikono mgongoni kama mkaguzi.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akafungua mdomo, na mdomo ukaganda wazi. Sauti ikaja baadaye, vipande vipande: "Tuele... kazi... uliyo..." Mke wangu akajibu, wakamwomba arudie. Akarudia, wakamwomba tena. Kisha mwenyekiti akasema, na hilo peke yake likasikika vizuri kabisa: "Mama, ikiendelea hivi tutamwita mwombaji anayefuata."

Tatizo nililijua papo hapo, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Vipande vya faiba vilifika kufumba na kufumbua, lakini vya dishi vilikuwa vinapanda mpaka angani kwanza ndipo vishuke. Neno halisikiki mpaka vipande vyake vitimie, kwa hiyo vya haraka vikawa vinakaa kuvisubiri vya polepole. Njia zisipolingana hugawi sawa. Unatazama ipi itafikisha kwanza, nyingine unaiweka akiba. Ni somo la kwanza ninalowafundisha waajiriwa wapya. Nina hata mchoro wake, nimeuchora kwa rangi.

Nikachutama na kompyuta yangu nibadilishe mpangilio. Kisanduku kikataka neno la siri. Nikakosea. Nikakosea tena.

"Waya wa dishi ni upi?" mke wangu akanong'ona, uso bado unaitabasamia kamera.

"Ngoja kidogo, narekebisha mgawanyo wa..."

"Baba Pacha. Ni upi?"

"Mweusi."

Akanyoosha mkono, akauchomoa. Picha ikatulia.

"Haya, sasa tunakusikia," mwenyekiti akasema. "Tueleze siku uliyolazimika kuamua haraka, huku mtaalamu aliye nawe akisita."

Jibu nilikuwa nalijua. Wiki nzima alilifanyia mazoezi jikoni, kisa cha daktari na mama aliyekuwa anavuja damu. Lakini akanitupia jicho pale chini nilipochutama.

"Ni leo," akasema. "Mume wangu ni mtaalamu wa mitandao. Ameniwekea intaneti mbili nisikwame, zikanikwamisha. Yeye alikuwa bado anatafuta neno la siri, mimi nikachomoa moja."

Nikasikia vicheko vya watu watatu, vimefika vyote, hakuna kipande kilichopotea.

Kazi aliipata. Niliona fahari mpaka machozi yakanilenga, na nilijionea haya vilevile, kwa sababu nilichotaka siku ile ni anihitaji mara moja tu.

Dishi bado liko juu ya paa. Ofisi wanalidai, nami kila wiki nasema kesho nitapanda kulishusha. Jana nilipochukua ngazi, mke wangu akaishika, akairudisha ukutani.

"Watamtuma fundi," akasema. "Ukianguka, mimi sina mume wa akiba."