Jinsi Piontek Alivyojipandishia Bei

Kama hujawahi kumsikia Gerald Piontek akimwondoa mtu kwenye timu, hujui roho ngumu ni nini. Alikuwa akikaa kona ya kaunta yangu, kiti cha mwisho karibu na redio, na majira yote ya baridi, theluji imefika madirishani, kazi yake ni moja: kuiendesha timu ya besiboli ya Milwaukee kwa mdomo. Timu yenyewe ilikuwa haimjui. Hilo halikumkosesha usingizi.

"Miaka mitano kwa mtu wa miaka thelathini na tatu?" atasema, gazeti liko chini ya kiwiko. "Mwaka wa kwanza atapiga. Wa pili atapiga kidogo. Mitatu iliyobaki mtamlipa akae benchi atafune mbegu za alizeti. Muuzeni sasa, wakati wajinga wa Chicago bado wanampenda."

Timu yetu haina pesa za timu za New York, kwa hiyo kila shabiki wa mji huu ni mhasibu asiye na ajira. Lakini sisi wengine tuna moyo. Walipomuuza yule mchezaji tuliyempenda wote, mlinzi wa beisi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji hukikimbilia, wanaume wazima walitoa machozi humu ndani, na mimi nililia nao, sioni aibu. Piontek aliagiza bia.

"Mchezaji ukimtoa mwaka mmoja mapema, utalia wiki," alisema. "Ukichelewa mwaka mmoja, utalia huku unamlipa."

Nilitamani kumwagia jagi zima kichwani, ila bia ni yangu.

Mzee huyu aliendesha mashine ya kupandishia mizigo ghalani mpaka akastaafu. Mkewe Bernice alipofariki, nyumba yake ikawa ya kulalia tu. Hakuwahi kuniambia hivyo, na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nikifungua mlango namkuta anakung'uta viatu, anaisalimia picha ya baba yangu ukutani, anakwenda konani kwake. Siku mbili aliposhikwa na mafua, nilijikuta nachungulia barabarani kama mama mwenye mtoto shuleni.

Sasa, baa yangu ina timu katika ligi ya mabaa ya upande wa kusini. Ni besiboli ya mpira mkubwa, ya watu wenye vitambi, na kinachoumia zaidi ni magoti. Piontek ndiye alikuwa mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji. Zamani, katika fainali, aliudaka mpira wa ushindi kwa meno, mawili yakabaki uwanjani. Baba yangu Stan, Mungu amrehemu, akamwahidi mbele ya watu: jagi lake mwenyewe kila mechi na sahani ya samaki kila Ijumaa, mpaka kufa. Wenzake wote wanagawana majagi manne. Ukitazama vizuri, hilo ni tatizo la mishahara.

Na kwetu kuna desturi. Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi, samaki wakiwa mafutani, mabaa hubadilishana wachezaji. Aliyetolewa atakunywa kwenye baa yake mpya mwaka mzima, asionekane ya zamani. Na ukimtaka tena, unarudisha chote ulichopewa. Sheria hizi hazijaandikwa popote, ndiyo maana hakuna anayethubutu kuzivunja.

Ijumaa hiyo, Schroeder, fundi bomba na nahodha wetu, alikaa karibu na Piontek akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Mimi nilijua anachokuja kusema. Tulikuwa tumeshakizungumza jikoni, na nilikuwa nimekaa kimya.

"Mzee, tusaidie mawazo," alisema. "Tuseme timu ina mchezaji, umri umekwenda, magoti hayapo. Mkataba wake hauna mwisho, na ndiye anayelipwa kuliko wote. Halafu timu nyingine inakupa kijana mwenye mbio. Unafanyaje?"

Piontek hakuinua hata macho kwenye sahani. "Hilo nalo ni swali? Unamtoa leo. Na unawashukuru hao vipofu wanaomchukua."

"Hata kama watu wanampenda?"

"Mapenzi hayafiki beisi ya kwanza. Ni nani huyo?"

Schroeder akatazama kipande cha ndimu sahanini mwake. Kaunta nzima ikapata shughuli: huyu anafuta miwani, yule anahesabu taa. Piontek alitafuna, akatafuna, kisha akaacha kutafuna. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na huu alikuwa ameunoa mwenyewe miaka arobaini.

Nilidhani atapindua sahani. Alijifuta mdomo akauliza, "Nani ananitaka?"

"Hruska." Hiyo ni baa ya ng'ambo ya reli. "Wanataka mtu wa kumfundisha mrushaji wao. Wanatupa yule kijana, Nuñez."

"Na nini kingine?"

"Nuñez tu, mzee."

"Nuñez tu?" Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Mimi nitolewe kwa mtu mmoja? Ndiyo maana nyinyi hamshindi, hamjui kuuza. Leta simu."

Akampigia Hruska mwenyewe, akajisifu bila haya. Alimweleza habari za meno yale kana kwamba bado yako mdomoni. Aliposhusha simu, tulikuwa tumepata Nuñez pamoja na ile mashine kubwa ya Hruska ya kukaangia samaki, ambayo baba yangu aliitamani mpaka anaingia kaburini.

"Hiyo ndiyo biashara," alisema. Akavaa koti. Picha ya baba hakuiaga, na mimi hakunitazama. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya viazi.

Msimu ukawa mzuri, kwa bahati mbaya. Nuñez alikimbia kama mtu anayedaiwa. Mashine ikatoa samaki wa kupendeza, watu wakapanga foleni mpaka nje. Kiti cha kona hakikukaliwa. Mgeni mmoja alijaribu, Schroeder akamwambia kimevunjika.

Mwezi wa saba tulicheza na Hruska, wakatufunga. Piontek alikuwa anajua kila udhaifu wetu, akimnong'oneza mrushaji wao, na kila mara akiinuka ilikuwa kwa awamu. Baada ya mechi nilimkuta kwenye maegesho, amesimama peke yake karibu na majiko ambapo watu walikuwa wanachoma soseji.

"Kwa Hruska kukoje, mzee?"

"Bia baridi. Redio mbovu." Akahamisha glovu kwapa hili kwenda lile. "Wana picha ya mbwa ukutani. Naisalimia."

Nikasema, "Si ulituambia tutalia wiki tu."

"Nyinyi, ndiyo. Hesabu ya timu naijua." Alitazama uwanja unavyomwagiliwa maji. "Miaka yote hiyo, binti yangu, nimewauza watu sijui wangapi. Sikuwahi kujiuliza hata mmoja jioni ile alikwenda kukaa wapi."

Basi, Matawi yakarudi. Wanaume wakakusanyika jikoni kupiga mahesabu kama kawaida. Nuñez ndiye mpigaji bora wa ligi. Mashine inatulisha sote. Piontek ameongezeka mwaka, goti la kushoto amelifunga chuma. Na kwa jinsi alivyojipandishia bei, kumrudisha ni kutoa vyote viwili. Schroeder akasema hakuna kichaa wa kukubali hesabu hiyo.

"Kichaa yupo," nikasema, nikachomoa waya wa mashine ukutani.

Wakanitazama. Kisha Schroeder akashika upande wa pili. Nuñez mwenyewe alitusaidia kuipakia kwenye gari lake. Alisema mama yake anakaa karibu na kwa Hruska, kwa hiyo tusijione watakatifu.

Piontek akaingia saa ya chakula. Tulikuwa tunakaanga samaki kwa kikaango cha bibi yangu, moshi umejaa, nusu wameungua.

"Nimesikia," alisema mlangoni. "Ujinga mtupu. Mmetoa kijana na mashine kwa mzee asiye na goti, tena mwenye mkataba mpaka kaburini? Ningekuwa mwenye timu, ningewafukuza wote, nikianza na wewe, binti wa Stan."

"Ndiyo, mzee."

"Biashara mbovu kuliko zote nilizowahi kuona mji huu."

"Ndiyo, mzee. Umeshasema."

Akakung'uta viatu. Akaisalimia picha ya baba yangu, safari hii kwa muda mrefu kidogo, akaenda konani kwake akakaa. Nilimwekea sahani. Samaki alikuwa mweusi upande mmoja. Akamgeuza, akamla wote, na hakulalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea humu ndani.