Kamba ya Faustin

Kuna siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kila nikimwona mzazi anampigia mtoto wake simu juu ya simu kwa sababu ya kwanza haikupokelewa, siku ile inanirudia. Kaa nikusimulie. Usiangalie saa, mboga ya pondu bado iko motoni.

Wakati huo nilikuwa binti mwenye mdomo mkali. Usicheke, siku hizi umepungua. Mama yetu alikuwa amefariki, na mdogo wangu Faustin nilimlea mimi. Alipokua akasema anataka kujifunza kupiga mbizi mtoni, kazi ile ya kuteremka chini na mpira wa hewa mdomoni ili kuchota mchanga wenye almasi. Nilimgombeza, nikalia, nikamnunia. Hakusikia. Basi nikasema, kama unakwenda, siku ya kwanza nakwenda na wewe.

Mwalimu wake alikuwa Papa Bolemba, mtu wa Yanonge, mzito wa maneno. Alikuwa na mahali pake pa kuwafundishia wanaoanza, upande wa Lubunga, ng'ambo ya pili, nyuma ya mwamba unaovunja nguvu ya mto. Hapo maji yametulia na kina si kirefu. Ukisimama mtumbwini na pondo ndefu unagusa chini. Wapiga mbizi walipaita pa watoto, na mimi jina hilo lilinifariji sana. Sikujua bado kwamba maji mafupi nayo yanaua.

Kabla hatujaondoka aliniwekea sharti. Mpiga mbizi hufungwa kamba kiunoni, na mtu mmoja mtumbwini huishika. Kwa kamba hiyo wanaulizana na kujibizana, kwa kuivuta kidogo. Sasa, kwa wapiga mbizi wa kwetu, kamba hiyo haishikwi na ndugu. Awe mke, awe kaka, awe baba mzazi, haishiki.

"Bon, utakuya," aliniambia. "Lakini kamba hautaigusa. Mutu wa familia hashikake kamba."

Nilikasirika. Nani angemshika Faustin vizuri kuliko mimi niliyembeba mgongoni? Lakini nilitaka kupanda mtumbwi, kwa hiyo nikakubali.

Tulivuka asubuhi, sisi watatu na fundi wa mashine ya kusukuma hewa. Njiani Papa alimkumbusha Faustin apumue daima, asizuie pumzi hata kidogo, na wakati wa kupanda apande polepole huku anatoa hewa, maana anayepanda mbio na pumzi kifuani hupasuka mapafu. Faustin akaitikia kwa kichwa tu, si unajua vijana. Akavaa miwani ya maji, akauma mpira, akateremka.

Maji ya mto wetu yana rangi ya chai, hata mkono wako huuoni. Tulichoona ni mapovu tu. Yalikuwa yanatembea, Papa akiuliza kwa kamba anajibiwa, na moyo wangu ukaanza kukaa mahali pake.

Kisha mapovu yakasimama mahali pamoja. Papa akauliza kwa kamba, hakujibiwa. Akauliza tena. Kamba ilikuwa imekaza tu. Wakati huohuo mashine ya hewa ikaanza kukohoa, fundi akaiinamia akihangaika nayo.

Nikaruka, nikaikamata kamba. Mtumbwi uliyumba mpaka maji yakaingia. Papa Bolemba hakunisukuma wala hakunipiga. Aliikanyaga kamba kwa mguu, mbele ya mikono yangu, nisiweze kuivuta.

"Acha," alisema kwa sauti ya chini. "Angalia mapovu yake. Iko anapumua. Kamba inaingia huku, mapovu inatokea kule. Donc, kamba imepita chini ya muti wenye ulizama. Ukivuta, utamuingiza chini ya ule muti, na mupira itamutoka ku kinywa."

Nikamwambia Papa kwamba mdogo wangu atakufa. Nikamwambia na maneno mengine ambayo mama wa kanisa hayarudii. Alingoja nimalize.

"Ule mutoto hakosi nguvu," akasema. "Anakosa nafasi."

Ndipo akafanya kitu kilichoniumiza kuliko vyote. Akailegeza kamba. Mbele ya macho yangu akaiachia iingie majini, pamoja na mpira wa hewa, kidogo kidogo, kama mtu anayemtupa mdogo wangu. Na mapovu yakatoweka.

Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimekimbia risasi katika mji huu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Maji yalikuwa laini, hakuna hata tone linalopanda. Mashine inakohoa. Papa anaendelea kulegeza, jasho linamtiririka shingoni, nami nimeuma kanga yangu nisipige kelele.

Mapovu yakatokea upande wa pili, karibu yetu. Faustin alikuwa amerudi chini ya lile gogo kwa njia aliyoingilia, na hewa yake ilikuwa imenaswa chini ya mti alipopita. Kamba ikatikisika mkononi mwa Papa. Kisha kichwa kikatoka, polepole kabisa, kinatoa hewa kama alivyofundishwa.

Nilimkumbatia, nikampiga kofi, nikamkumbatia tena. Papa alikaa chini, akaanza kuikunja kamba. Akaniambia kwamba yeye pia alitamani sana kuvuta.

Faustin aliporudiwa na sauti alisema jambo moja tu: "Nilisikia kamba inalegea, nikajua munanielewa."

Sasa nisikilize. Watu unaowapenda watakwama mahali usipoona, katika ndoa, katika pombe, katika mji wa mbali, na mikono yako itakuwasha kuwavuta. Tazama kwanza kama wanapumua. Wakipumua, walegezee wapate kugeuka, lakini usishuke mtumbwini, na usiache kushika. Na ukiona woga wako umekuzidi, mpe kamba mtu mwingine. Mwanangu wa kwanza alipoacha masomo nilimpeleka kwa Papa Bolemba, kwa sababu nilijijua, ningevuta. Alikaa kwake mpaka akageuka mwenyewe. Kuomba mtu mwingine akushikie mtoto si kushindwa kumpenda.

Nenda, mwanangu. Mungu awapandishe wako wote polepole, wakiwa wanapumua. Na siku utakapokwama wewe mwenyewe, gizani, usisikie jibu la mtu, Mungu akujalie juu ya maji awepo anayekupenda kiasi cha kulegeza.