Jina Nililoliruka

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja kule Buhinyuza, na kila inaponirudia huja na swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: je, betri za redio ya Mzee Nikodemu zilikuwa zimekwisha kweli? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha miaka mingi, mvi zimeanza kunitembelea, na bado betri nne zimenishinda. Nitakueleza swali hili lilikotoka, kwa sababu wewe nawe umeanza kusimama mbele ya kipaza sauti, na siku si nyingi mtu atakuuliza umejifunza kwa nani.

Ninyi mnaofanya mazoezi leo katika stoo ileile ya Nyamugari, hapa Gitega, mmeukuta muziki wa panki umekwisha kutengenezewa njia. Sisi tuliuanza na gitaa la nyuzi tano, amplifaya iliyonuka kama waya unaoungua, na kaseti moja isiyo na jina iliyoachwa na mwanafunzi aliyehama bweni. Ilikuwa na nyimbo nne tu, za ule panki mkali unaoitwa hadkoo: ngoma zinakimbia kama mtu anayefukuzwa, mwimbaji anapayuka, na wimbo unakwisha kabla hujaamua kama umeupenda. Mimi niliupenda. Nilikuwa na mambo mengi ya kupayuka.

Stoo ilikuwa ya Bwana Akbar, muuza vitenge na sufuria ambaye babu yake alitoka Bara Hindi. Alitupa masharti mawili: tunyamaze adhana inapolia, na tusiegemee majora ya vitenge. Siku moja tulimwomba radhi kwa kelele zetu, naye akajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa akipima, "Tangu mje, vijana wangu, panya wamehama. Ongezeni."

Usidhani kwamba muziki wa kelele hauna adabu. Hatukulewa siku ya onyesho. Aliyeanguka katikati ya wachezaji aliinuliwa kwanza, hata kama wimbo ungeharibika. Wenzetu wa kikundi cha Muyinga mjini walipotutembelea walitumia amplifaya yetu, na tulipokwenda kwao tulikula kwao na kulala kwao. Kikundi cha tatu kilikuwepo pia, lakini hakikuwahi kukubaliana jina, kwa hiyo sina namna ya kukutajia. Na kwenye ukuta wa stoo, kwa chaki nyeupe, mimi mwenyewe niliandika sharti nililolipenda kuliko yote: Tusipayuke tusiyoyaishi. Zubeda, mpiga ngoma wetu, binti wa Nyamugari, alilisoma mara mbili, akasema ni zuri, ila herufi zangu zimelewa.

Lakini kupayuka kwenyewe sikukujifunza kwenye kaseti. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia, na Mzee Nikodemu alikuwa mpiga mbiu wa kambi yetu. Kila asubuhi alipita katikati ya nyumba za turubai akitangaza kwa sauti tupu: siku ya mgao, bomba lililoharibika, mtoto aliyepotea na mtoto aliyepatikana, majina ya watu waliopata barua. Nilipofika miaka kumi na saba nilimwomba anifundishe. Aliniwekea kiganja chini ya mbavu akasema, "Sukuma kutoka hapa. Ukisukuma kwa koo, kesho utatangaza kwa mikono." Alinionyesha mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuizuia. Jambo moja alilikazia sana: jina la mtu halikatwi na pumzi. Lazima litoke zima, kwa sababu huenda mwenyewe yuko mbali na atasikia kipande tu.

Tuliporudi Burundi, familia yake na yetu zilikaa Buhinyuza, mkoani Muyinga, si mbali na mpaka. Kambini hakukuwa na asiyemjua. Huku nyumbani alikuwa mkulima mmoja zaidi wa mihogo aliyerudi, na majirani ambao hawakuwahi kukimbia walimsikiliza kwa heshima ya juujuu alipowaeleza kazi aliyokuwa nayo. Wengine walidhani anatia chumvi. Lifikirie hilo, mwanangu. Mtu aliyetangaza majina ya maelfu ya watu, na lake halikuwahi kutangazwa na yeyote.

Basi nikaenda Gitega kusoma, kikundi chetu kikasikika, na redio moja ya mji ikatualika katika kipindi chake cha vijana. Nilimtumia Mzee salamu kwa mfanyabiashara wa maharage: Jumamosi, saa tisa, asikose kusikiliza, kuna jina la mtu atalisikia.

Hapa sina budi kusema ukweli unaonidhalilisha. Bwenini, sisi tuliorudi kutoka kambini tuliitwa Mahindi ya Njano, kwa ajili ya mahindi ya mgao tuliyolishwa. Ulikuwa utani, na aliyeutoa alikuwa tayari kukugawia sabuni yake. Hata hivyo uliniingia. Nilianza kukifupisha Kiswahili changu cha Tanzania, nikaweka iko pale nilipozoea kuweka yupo, na mtu akiuliza natoka wapi nilitaja mtaa wa Gitega. Yote hayo nilifanya huku jioni nikisimama chini ya ule mstari wa chaki na kupayuka juu ya unafiki wa watu wengine.

Mtangazaji alikuwa kijana mpole. Aliuliza nilikulia wapi. Nikasema, "Hapahapa Gitega." Aliuliza sauti ile nimeitoa wapi, nani alinifundisha. Nilimwona Zubeda, aliyeketi kando yangu, akinigeukia kwa tabasamu, kwa maana hadithi ya Mzee alikuwa ameisikia hata akaichoka. Nami nikasema nilijifunza kutoka kwa vikundi vya ng'ambo. Nikaeleza habari za miji ambayo sijawahi kuiona na kanda ambazo sijawahi kuzisikia. Niliongea vizuri sana. Mtangazaji alifurahi.

Zubeda alinifuata nje. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayetafuta nyumba, "Deo, we ulikulia mtaa gani hapa? Mi nimezaliwa Nyamugari, sijakuonaka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Jumatatu nilimkuta stoo na kitambaa kibichi mkononi, anafuta maandishi yangu ukutani. Nilimuuliza kama amekasirika.

"Sina hasira," alisema, kisha akaongeza lakini yake ya Kifaransa. "Mais siwezi piga ngoma niko naangalia uongo."

Bwana Akbar alikuwa mlangoni. Aliutazama ukuta uliolowa, akanitazama mimi, kisha akarudi dukani bila kutoa utani wowote. Nadhani ukimya wake ndio ulionisukuma kwenda Muyinga Ijumaa ile.

Nilifika Buhinyuza mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona katika ua wa Mzee Nikodemu kilikuwa mabenchi mawili marefu ya kanisani, yamepangwa kuelekea kigoda kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kigoda ile redio. Hayakuwa yamerudishwa tangu Jumamosi. Nilihesabu kwa macho: watu kumi na wanne, ikiwa waliketi kwa kubanana. Alikuwa amewaalika majirani.

Mkewe, Mama Eliza, alinipokea vizuri, akaenda kuchemsha chai. Mzee alitoka shambani, akanawa mikono, akaketi kwenye benchi mojawapo na kunionyesha nafasi kando yake. Nikaanza kubabaika juu ya kipindi. Akanikatiza.

"Betri zilikwisha," alisema. "Ulipoanza tu kusalimia, ikazimika. Tuliitikisa, wapi."

Juu ya ungo, mbele ya mlango, betri nne zilikuwa zimeanikwa juani, kama tunavyofanya zinapochoka. Moyo wangu ulitulia, na nikaona haya kwamba umetulia. Lakini ilipofika saa ya habari, Mzee alizichukua betri zilezile, akazitia katika redio, ikalia kwa sauti iliyojaa, sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Aliipunguza haraka. Je, jua laweza kufufua betri namna ile? Nimewahi kujaribu, nyumbani kwangu, nikiwa mtu mzima mwenye shahada. Mara nyingine zinafufuka, mara nyingine hazifufuki.

Tulikunywa chai. Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo kambini hakunisimulia. Alisema asubuhi moja alikuwa na orodha ndefu ya watu waliopata barua, mvua ilikuwa inakuja, akaharakisha, akaruka jina la mwanamke mmoja. Alijua kwamba ameliruka. Alijiambia kuwa atalitaja kesho. Kesho yake akaona haya kulitaja peke yake, kwa sababu watu wangeuliza kwa nini halikutajwa jana. Siku nne zikapita. Mwanamke yule alikuwa akija kila asubuhi, anasikiliza orodha hadi mwisho, anarudi.

"Ulifanyaje?" nilimuuliza.

"Barua ningeweza kumpelekea nyumbani kimyakimya," alisema Mzee Nikodemu. "Lakini alikuwa amesimama mbele za watu siku nne, wanamwona hana mtu wa kumkumbuka. Kwa hiyo nilirudi palepale nilipoliruka, mbele ya watu walewale, nikalitaja."

Alimimina chai iliyobaki katika kikombe changu. Hakunitazama. Sijui kama alikuwa ananikemea au alikuwa anapitisha jioni kwa hadithi, na hilo nalo limo ndani ya swali langu. Nilijua tu kwamba maneno ya kuomba radhi niliyoyaandaa njiani, ya kunong'onezwa kati ya watu wawili, yalikuwa barua ya kupelekwa kimyakimya. Nikamuuliza kama kesho yake ni siku ya soko. Akasema ndiyo. Nikaamua kabla sijakimaliza kikombe.

Mwanangu, kabla sijakueleza asubuhi yake, nikuachie ninachotaka ukishike. Utakapoulizwa umejifunza kwa nani, taja kwanza walioweka mkono juu ya mbavu zako. Kaseti zina heshima yake, na hao wa ng'ambo walionipa zile nyimbo nne nawashukuru hata leo, ila hawakuwahi kunijua, na hakuna aliyekopa benchi ili asikilize kama nitawataja. Usione haya mahali ulipolelewa, hata kama palikuwa pa turubai na mahindi ya njano. Hasira yako safi imetoka huko, na bila hiyo muziki huu ni makelele ya kukodi. Ukiandika sharti ukutani, mruhusu mwenzako alifute siku utakapolivunja, na usimchukie. Na ukimruka mtu hadharani, usimrekebishe faraghani. Kwa upande wangu redio ilinipa nafasi baadaye, nikaeleza upya nilikokulia, na Zubeda akauandika tena ule mstari kwa mkono wake, kwa herufi zisizolewa. Ndio huo mnaousoma hadi leo katika stoo. Mungu akupe sauti isiyokauka, akupe mwenzi wa kukufutia ukuta, na akujalie kuwakumbuka waliokutangulia wangali na masikio ya kusikia.

Asubuhi yake, basi, nilikwenda sokoni Buhinyuza nikiwa nyuma ya Mzee Nikodemu, aliyebeba unga wake wa muhogo. Sikumwambia kitu. Majirani wake walikuwapo, wale wa mabenchi; niliwatambua kwa jinsi walivyomsalimia kwa kumhurumia. Nilipanda juu ya jiwe la kona ambapo wauza ndizi hushusha mizigo, nikaweka kiganja changu chini ya mbavu. Hapakuwa na gitaa la kujifichia.

"Sikieni, sikieni, watu wa Buhinyuza," nilitangaza, kwa Kirundi kwanza, halafu kwa Kiswahili changu cha kambini, bila kukifupisha. "Mimi ni Deo. Nimelelewa kambini, Tanzania. Wiki iliyopita niliulizwa redioni nani alinifundisha sauti, nikasema uongo. Aliyenifundisha alikuwa mpiga mbiu wa watu maelfu, na yuko hapa kati yenu. Anaitwa Nikodemu..." Hapo nikavuta pumzi. "...Ntahondi, wa Buhinyuza."

Muuza ndizi mmoja akamgeukia Mzee, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, akavua kofia. Mzee Nikodemu aliweka unga wake chini, akajifuta uso kwa kiganja, akanijia mpaka chini ya jiwe.

"Jina umelikata na pumzi," alisema. "Rudia."

Nikarudia.