Venansi na Sakafu ya Mninga

Nianze na jambo ambalo Venansi alilificha miaka saba: alikuwa hasikii redio alizokuwa anazitengeneza. Masikio yake yalifia Majimoto, misimu ya mavuno ya mpunga, alipokuwa anazunguka na disko la harusini na kulala kichwa kikiwa kimeegemea spika ili zisiibwe. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Akarudi Mpanda mjini, akafungua kibanda cha ufundi karibu na soko, na hakumwambia mtu isipokuwa Rahel, mkewe. Nani angempelekea kiziwi spika yake? Siri hiyo ikitoka, kibanda kimefungwa.

Mimi naitwa Amosi. Kibanda changu kilitazamana na chake, na nasema mapema kwamba sikumpenda. Wateja walishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu, wakavuka barabara kwenda kwake. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa miaka yote hiyo na hakulitia maji hata tone. Hilo ndilo lililoniudhi.

Alifanya kazi kwa macho, kwa mita ya kupimia umeme, na kwa ncha za vidole alizozigusisha kwenye karatasi ya spika. Siku zote alivua viatu. Tulidhani ni mbwembwe za fundi. Rahel alikaa pembeni kwenye kigoda akichambua maharage. Spika ikitoa sauti safi anainua kidole gumba, ikikwaruza anajikuna shingo. Sisi tukasema wanapendana sana wale. Ukimsalimia Venansi kwa nyuma haitikii, tukasema anaringa. Mimi ndiye niliyesema zaidi ya wote.

Ndipo bosi Gratien, mfanyabiashara wa mbao, akamaliza nyumba yake. Wenzake wote wanaweka vigae; yeye akatandika sebule nzima mbao za mninga juu ya maboriti, na chini yake kukabaki wazi kiasi cha paka kupita bila kuinama. Juu ya mbao hizo akaweka spika mbili zinazonifika kiunoni. Alipowasha, sakafu yote ikavuma. Glasi zikatembea kabatini. Kila wimbo ukawa mvumo mmoja mnene usio na mwanzo wala mwisho, na mkewe Générose akasema unamchafua tumbo. Gratien alikuwa anajenga ukumbi wa sherehe. Akatangaza kwamba fundi atakayeiponya besi ya sebule yake ndiye atakayefunga muziki wa ukumbi.

Niliitwa mimi kwanza. Nilihangaika siku mbili, mwisho nikapunguza besi kwenye redio.

"Hata mama yangu kule kijijini anajua kupunguza," Gratien aliniambia. "Mimi nataka besi, nyie mafundi mnaniondolea besi. Muiteni Venansi. Na wewe kaa hapo hapo ujifunze."

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba, nikakaa.

Siku hiyo Rahel alikuwa Litapunga kwenye msiba wa shangazi yake, kwa hiyo Venansi alikuja peke yake. Akavua viatu mlangoni, akaomba muziki uwashwe, akakanyaga mbao. Nikaona uso wake unabadilika. Mtu mzima yule macho yalimjaa maji.

"Mbao hii inaongea," alisema.

Leo naelewa. Miaka saba hakuwa ameingiwa na muziki mwilini namna ile. Sakafu ilimpandishia ngoma mpaka magotini. Alizunguka sebule taratibu, chaki mkononi, akiweka alama kila palipotetemeka sana. Katikati ya chumba alisimama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nikajisemea, tazama anavyojionyesha.

"Spika zako hazina kosa, bosi," alimwambia Gratien, akimtazama mdomoni kama kawaida yake. "Inayoimba ni sakafu. Umeweka spika juu ya ngoma."

Akazitoa spika pale zilipokuwa, akazisogeza karibu na ukuta, pale maboriti yanapolalia msingi. Akakata raba ya tairi la lori, akaitandika chini, juu yake akalaza vipande vya zege vile vya kutengenezea njia, juu ya zege ndipo akaweka spika. Akang'oa mbao nne zilizokuwa na alama nyingi za chaki, akashindilia mchanga mkavu katikati ya maboriti, akazirudishia. Kazi hiyo ilimchukua tangu asubuhi hadi alasiri.

Gratien akawasha. Hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma. Besi ilitoka kavu na ya mviringo, kila pigo peke yake, gitaa huku na ngoma kule. Glasi zilitulia kabatini. Nimefanya ufundi miaka ishirini na sijawahi kufikia kazi ile. Générose alipiga makofi.

Na sakafu ilikuwa imekufa. Venansi alijua itakufa. Fundi mwingine angejiachia ubao mmoja unaotetemeka wa kumsaidia yeye mwenyewe. Yeye alijaza mchanga kila mwanya, kwa sababu ndivyo kazi ilivyotakiwa. Akanyoosha mkono aguse boksi la spika.

"Acha kushikashika, fundi," Gratien alimwambia. "Njoo ukae kwenye kochi langu, usikie ninaposikilizia mimi."

Akaenda, akakaa, akaweka nyayo zote mbili chini. Niliviangalia vidole vyake vya miguu. Vilikuwa vinapapasa mbao, vikitanuka na kujikunja, na havikupata kitu. Kisha akafumba macho, akatabasamu, akaanza kutikisa kichwa. Kichwa kilikwenda kivyake na ngoma ikaenda kivyake. Ndipo nilipojua.

Rimoti ilikuwa kwenye meza karibu yangu. Hakuna aliyenituma. Nikazima.

Chumba kikawa kimya kabisa. Venansi akaendelea kutikisa kichwa. Akainua kidole juu.

"Sikieni hapo," alisema. "Sikieni besi inavyoshuka."

Gratien akanitazama. Nikagusa sikio langu, halafu nikamwonyesha Venansi kwa kidole. Happiness, dada wa kazi, ndiye aliyeanza kucheka.

"Yesu wangu, kumbe ni kiziwi!" Générose alisema.

Tukacheka wote. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Venansi akafumbua macho, akaona vinywa vyetu viko wazi, akadhani tumeipenda kazi. Akacheka na yeye.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

Alicheka nasi mpaka macho yake yalipofika kwenye redio na kuona taa zake zimezimika. Hapo uso ukamshuka. Akainuka, akakusanya vifaa vyake bila kumtazama mtu, akatoka na viatu mkononi.

Ukumbi nilipewa mimi. Nikaufungia muziki kwa raba na zege kama nilivyomwona akifanya, na watu wananisifu hadi leo. Kwake hakuna aliyerudi. Watu waliokuwa wanampigia hodi kwa heshima walianza kupita nyuma yake na kumtukana ili wengine wacheke. Rahel aliporudi kutoka msibani alikaa kibandani siku nne akichambua maharage bila kuja mteja hata mmoja. Siku ya tano wakafunga, wakaamua kuhamia Kabungu kulima shamba la baba yake Venansi.

Asubuhi ya kuondoka Venansi alivuka barabara, akaja kwangu. Alikuwa ameshika mita yake na boksi la bisibisi.

"Chukua, Amosi. Kwenye mahindi hazina kazi," alisema. "Wewe ni fundi mwenzangu. Ila nisaidie jambo moja. Siku ile ulikuwepo. Nani alizima?"

Niligeuka kuziweka rafuni. Nikiwa nimempa kisogo nikasema, tena kwa sauti, "Ni mimi, Venansi. Mimi ndiye niliyezima."

Nilipomgeukia alikuwa bado anasubiri, macho kwenye mdomo wangu.

"Umesemaje?"

"Nimesema sikumwona," nikamjibu polepole, ili aone kila neno.

Akanishukuru, akanipa mkono.